Mama wa Viungo Aliandika Bado

Ukifika Korogwe miaka ile ukasema unamtafuta mama wa viungo, watu walikupeleka sokoni kwa muuza iliki. Hata mimi walinipeleka. Nilishuka garimoshi na magongo mawili na mguu wa kulia usiokunjika, nikamuuliza mchukuzi wa stesheni. Akanielekeza vizuri kabisa, kona kwa kona, nami nikajikokota mpaka mwisho wa maelekezo yake, nikajikuta mbele ya meza ya mdalasini, karafuu na pilipili manga. Mwenye meza akautazama mguu, akayatazama magongo, akaguna.

"Viungo vya pilau au vya mwili?"

"Vya mwili, mama."

"Basi si mimi. Nenda Kilole, uliza nyumba yenye baiskeli isiyokwenda popote. Na ukifika mwambie anirudishie wateja wangu. Juzi kamlaza mtu kwenye benchi, kamnyoosha kiuno, kumbe maskini alitumwa binzari!"

Huyo wa Kilole ndiye ninayetaka kumsema leo. Jina lake sitalitaja. Kama yu hai atanigombeza kwa kulitaja, na kama hayupo sitaki kugombezwa na watoto wake. Alikozaliwa sikuuliza wala hakusema. Lafudhi yake ilikuwa ya milimani, ya Kishambaa, na shingoni alivaa msalaba mdogo wa shaba. Hayo yanatosha. Watu wanaoanza habari ya mtu kwa babu yake huchoka kabla hawajamfikia mwenyewe.

Lakini goti langu lazima nilieleze, maana bila goti nisingemjua. Mimi ni Mzigua wa Kwamsisi. Miaka michache baada ya Uhuru nilikwenda kukata mkonge kwenye shamba moja upande wa Mazinde. Siku moja toroli lililobeba mizigo ya majani likaacha reli, likaniangukia. Mguu ukavunjika karibu na goti. Hospitali wakanifunga hogo, plasta ile ngumu, nikakaa nayo mpaka mfupa ukaunga. Walipoifungua, mfupa ulikuwa mzima na goti limegoma. Halikunjiki! Dresa wa zahanati ya shamba akaniambia ninahitaji mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kwamba kampuni ya bima ya shamba italipia, mradi nimpate mtu ambaye wao wanamkubali. "Mtafute mwenyewe," akasema, "halafu uulize kama wanampokea." Akanipa fomu ya rangi ya waridi, akarudi kwenye chai yake.

Sasa elewa. Kwetu mtu hula chini, kwenye mkeka. Huswali paji la uso likagusa ardhi. Hupanda mahindi ameinama na hupalilia amechuchumaa, na choo ni shimo. Mimi nilikuwa nakula kitini kama mgeni, naswali nimekaa juu ya sanduku, na habari za choo tuziache. Bila kuchuchumaa kazi ya mkonge sikuwa nayo, chumba cha kambini sikuwa nacho, na hata nyumbani nisingekuwa mtu kamili machoni pangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilitaka kuchuchumaa tena, basi.

Nilipofika Kilole hakutazama mguu. Alinyoosha mkono.

"Karatasi kwanza."

Akaishika mbali na uso, mkono umenyooka kabisa, maana miwani hakuitaka. Alisema ni ya watu waliokata tamaa na macho yao. Akaisoma yote, mpaka yale maandishi madogo ya chini ambayo hakuna anayeyasoma, akifuata kwa kidole.

"Muhuri huu wa nani?"

"Wa karani, mama."

"Karani wa shamba au wa bima?"

"Wa shamba."

"Basi huna karatasi. Una salamu tu. Twende posta."

Twende posta, mimi na magongo yangu, jua la saa saba! Huko akaomba simu ya Tanga, kwenye ofisi ya bima, na alipopata mtu akaanza kupiga kelele mpaka waliopanga foleni ya stempu wakageuka.

"Goti! La kulia! Hapana bwana, si koti, goti! Koti la nini? Mimi nimefungua duka? Goti, la mguu, lile unalopigia magoti unapoomba kazi!"

Watu wakacheka, naye hakucheka. Alingoja mpaka sauti ya Tanga ikasema inakubali, kisha akauliza, "Na wewe nani?" akaandika jina la yule mtu na saa aliyosema, kwenye kona ya karatasi yangu. "Akikana kesho," akaniambia, "tunaye." Tulipokuwa tukirudi akanipa somo la kwanza, nalo halikuwa la mguu. Alisema: kabla hujavua suruali, uliza kama karatasi yako inapokelewa, ukishavua huna tena nguvu ya kuuliza. Nimewaambia watu wengi neno hilo, na waliolisikiliza wamenishukuru.

Yeye mwenyewe alipokelewa na bima kwa sababu ya barua moja. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi ya kusafisha wodi katika hospitali ya misheni huko milimani, na mtaalamu wa viungo aliyekuwa pale alimwona akiwageuza wagonjwa vizuri kuliko manesi, akamfundisha kazi. Mtaalamu huyo alipoondoka akamwachia barua. Ilikuwa ukutani, ndani ya kioo, mahali ambapo wengine huweka picha ya harusi. Hakuwa na cheti kingine. Na kwa kuwa mtu mwingine wa kazi ile alikuwa mbali, mahali ambapo mwenye magongo hafiki, bima walimkubali huku wamekunja uso. Yeye alilijua hilo. "Hawanipendi," alisema, "wananihitaji. Inatosha."

Chumba chake ungekiona ungedhani ni cha fundi. Baiskeli isiyo na magurudumu imepigiliwa kwenye mbao, ya kupiga pedeli bila kwenda popote. Kamba nene ya katani imepitishwa kwenye boriti, unavuta upande mmoja mguu unapanda upande wa pili. Mifuko ya mchanga, mikubwa na midogo, ya kufunga kifundoni. Na cherehani! Walioumia kifundo cha mguu aliwakalisha kwenye cherehani wakanyage, na kwa kuwa hakupenda kitu kifanye kazi bure, akawapa khanga za majirani wapinde pindo. Kuna madereva wa malori walioondoka Kilole wamepona kifundo na wanajua kushona.

Jambo lililowaudhi watu kuliko yote ni kwamba hakusema pole. Hakusema! Mtu analetwa mgongoni, jasho linamtoka, mkewe analia, na yeye anauliza, "Uliumia lini?" Wanawake wa Kilole walisema huyu si binadamu. Hata mimi siku ya tatu nilimlaumu waziwazi.

"Mama, hata pole?"

"Waliokuja kukuona hospitali walikupa pole?"

"Wote."

"Imekunja goti?"

Lakini nilimkamata. Asubuhi moja nilifika mapema nikamkuta uani, amechuchumaa na kuku aliyeteguka mguu, anamfunga kijiti, na anamwambia kwa sauti ya chini, "Pole mama, pole mama, pole." Alipogeuka akaniona, uso ukamwiva. "Huyu hana karatasi," akasema, kama kwamba hilo lilieleza kitu.

Wala hakuruhusu mtu kupiga kelele za "mama yangu!" wakati wa kukandwa. Dole gumba lake lilikuwa fupi na gumu, na alijua penyewe hasa. Nikilia "mama yangu" alijibu, "Mama yako yuko Kwamsisi, hakusikii. Mimi nakusikia. Sema inauma wapi, juu au ndani?" Na katika kuhesabu alikuwa mwongo wa kutupwa. Alisema kunja mara kumi, akaanza vizuri, moja, mbili, tatu; akifika saba anarudi tano. Ukilalamika anasema umemchanganya, anaanza upya. Mtu huyohuyo alimfukuza mgonjwa mmoja kwa kumdanganya kwamba alifanya mazoezi nyumbani wakati hakufanya. Uongo ulikuwa haki yake peke yake.

Mambo ya dini yalinishangaza zaidi. Wiki ya pili aliniambia nitandike mkeka, nimwonyeshe jinsi tunavyoswali, hatua moja moja. Nikaona aibu. Akaniambia, "Mimi sitaki kusilimu, nataka kujua goti linakwenda wapi." Nikamwonyesha kwa mikono, rukuu, sijida, na ule mkao wa katikati. Huo wa katikati ndio aliouliza sana: mguu wa kulia unakaaje, vidole vinaelekea wapi, uzito uko upande gani. Kuanzia siku hiyo mazoezi yangu aliyapanga kwa swala. Rukuu mwezi huu, sijida mwezi ujao, mkao wa katikati Mungu akipenda. Jumapili akitoka kanisani, na kitambaa chake kichwani, alipita kwenye chumba nilichopanga hapo Kilole kuniuliza kama adhuhuri nimesimama bila kushika ukuta. Sijapata kuona Mkristo aliyesimamia swala zangu kama yule.

Siasa je? Alikuwa na kadi ya chama na alikwenda kwenye mikutano, na aliimba kuliko wote. Lakini balozi wa nyumba kumi alipomwambia afunge chumba siku za mkutano ili kila mtu ahudhurie, alimjibu, "Waliokwenda ni wenye miguu. Mimi nimebaki na wale ambao mkutano unasema utawasaidia." Balozi akaondoka. Baadaye balozi huyohuyo alishikwa na kiuno, akaja akiwa amepinda, na mama wa viungo akamwekea miadi siku ya mkutano. Makusudi! Nilikuwapo, niliona alivyofurahi.

Sasa nifike kwenye ile karatasi, maana ndiyo iliyonipa hasira za miaka.

Kila mwisho wa mwezi fomu ya waridi ilirudishwa kwa bima. Chini kabisa yalikuwapo maneno mawili, ANAFAA na HAFAI, na maelekezo: kata lisilohusika. Ukiachiwa ANAFAA, bima inaacha kulipia na unarudi kukata mkonge Jumatatu, mita zilezile za majani anazokata kila mtu. Ukiachiwa HAFAI, unapewa chako cha mwisho na chumba cha kambini unatoka. Hakukuwa na neno la tatu.

Mara ya kwanza aliposoma mbele yangu maneno hayo, kalamu mkononi, aliyarudia kwa kidole.

"Nani kaandika hivi? Mtu hafai? Mwizi ndiye hafai. Mlevi anayepiga watoto, hafai. Huyu kaumia goti."

Akakata yote mawili, mstari mmoja mrefu, na pembeni akaandika kwa herufi kubwa: BADO. Wakairudisha. Akaandika tena BADO. Wakairudisha na barua, kwamba mtoa huduma afuate maelekezo. Akapiga simu ile ya posta. "Ninyi mmeniuliza amefika, nami nawaambia yuko njiani. Mnataka niseme amekufa?"

Hapo alikuwa shujaa wangu. Lakini nisimpake mafuta. Kulikuwa na mama mmoja wa chumba cha brashi, mahali wanaposafisha katani, mashine ilimnasa mkono wa kushoto na vidole viwili havikufunga. Yeye alitaka HAFAI. Alikuwa na watoto watatu kwa mama yake, alichoka na kambi, alichoka na vumbi la katani. Alitaka kipato chake cha mwisho aende nyumbani. Mama wa viungo akamwambia vidole vitafunga, subira kidogo tu, akaandika BADO. Mwezi wa pili, BADO. Mwezi wa tatu yule mama alisimama katikati ya chumba, mbele yetu sote, akalia kwa sauti.

"Mimi nataka hafai yangu! Mkono ni wangu! Nipe hafai yangu niende kwetu!"

Hakupewa. Akaandikiwa BADO ya tatu. Bima wakafunga faili lake, wakasema muda umepita na jibu halikutolewa, akaondoka mikono mitupu. Nasema wazi, hapo mama wa viungo alikosea, na nilisema hivyo siku ileile. Alifunga mlango siku mbili. Alikwenda mwenyewe shambani kumwombea yule mama, wakamwambia amechelewa. Aliporudi alisema neno moja tu: "Nilimwonea." Tangu hapo, kabla ya kushika kalamu, alimtazama mgonjwa machoni akamuuliza, "Wewe unataka niandike nini?"

Na mimi aliniuliza. Nilijibu mwenyewe, kwa mdomo wangu: andika bado, mama.

Mwezi wa nne bima walichoka na simu, wakamtuma mtu. Alikuwa kijana wa kwetu Mwafrika, amepandishwa cheo juzi, na suti iliyombana, na hatukumchukia kwa hilo. Tulifurahi kuona mwenzetu kwenye kiti kile. Akaja ofisi ya shamba kufunga mafaili. Mama wa viungo akapanda nami garimoshi mpaka Mazinde, amevaa viatu vya kanisani.

"Mama," akaanza yule bwana wa bima kwa upole, "fomu ina majibu mawili."

"Na swali lina matatu. Ukimuuliza mkeo chakula kimeiva, akasema bado, utamwandikia hakifai? Utamwaga ugali?"

Karani akainamisha kichwa ili asicheke. Meneja alikuwa dirishani anavuta kiko.

"Nimemwona akitoka stesheni. Ametembea, na gongo moja tu. Anatembea, anafaa," akasema bwana wa bima.

"Anatembea, sikatai. Anachuchumaa?"

"Kuchuchumaa hakumo kwenye fomu."

"Hakumo kwa sababu aliyeiandika anakaa kitini kutwa. Jani la chini la mkonge linakatwa kwa kushuka. Huyu akishuka na mguu mmoja umenyooka ataangukia miiba, na mtaniletea kipofu badala ya goti. Wewe unajua kuchuchumaa?"

"Mimi?"

"Wewe. Chuchumaa nikuone."

Lo! Angeweza kukataa, lakini alikuwa kijana, na meneja alikuwa amegeuka kutoka dirishani kumtazama. Akavuta suruali juu ya magoti, akashuka. Alifika nusu. Visigino vikainuka, suti ikambana, akashika meza, chupa ya wino ikacheza. Alibaki hapo nusu angani, jasho linamtoka kwenye paji.

"Wewe nawe bado," akasema mama wa viungo.

Tulicheka. Karani alicheka mpaka machozi, meneja akakohoa moshi, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kuliko wote. Bwana wa bima alijinyoosha, akajifuta, akacheka kidogo naye, kisha akaandika kwa mkono wake: wiki sita zaidi. Tulirudi Korogwe tunaimba. Nilidhani tumeshinda.

Wiki sita zilipokwisha goti lilikuwa likikunjika nusu na robo. Nilisujudu, lakini kuchuchumaa, visigino chini, hapana. Mama wa viungo akaandika BADO. Safari hii fomu haikurudi kwake. Mtu aliyechekwa mbele ya karani na meneja hasahau. Alikata ANAFAA mwenyewe, huko huko Tanga, akaliacha lile jingine, akapiga muhuri. Siku hiyo nilikuwa nimerudi kambini kuangalia chumba changu; nyapara akaja na karatasi hiyo akanisomea mbele ya wenzangu: hafai. Nilipewa mpaka Ijumaa niwe nimehama.

Nilikwenda Kilole nimewaka.

"Ungeandika anafaa tu! Neno moja, mama! Leo ningekuwa kazini!"

"Ungekuwa kwenye miiba."

"Goti ni langu!"

"Na sahihi ni yangu. Nilikuuliza uandikiwe nini. Ulisemaje?"

Nilijua nilivyosema. Lakini mtu aliyefukuzwa hataki kukumbushwa maneno yake. Nikamwambia mambo mengi: kwamba alimchezea yule bwana ili watu wacheke, kwamba mimi nimelipia kicheko chake, kwamba yule mama wa brashi alikuwa na haki. Alisikiliza yote. Mwishoni akasema, "Karatasi imekwisha, goti halijaisha. Njoo Jumatatu kama kawaida. Sitadai kitu." Nikamgeuzia mgongo. Sikuaga. Nikapanda basi la Handeni na ile hafai mfukoni.

Nyumbani Kwamsisi nilikaa nimenuna. Mke wangu alinipa kiti, nami nikakichukia kile kiti. Wiki ya tatu kondakta wa basi akashuka na kifurushi cha gunia kutoka Kilole, akaniita kwa jina. Ndani mlikuwa na mfuko wa mchanga wa kufunga kifundoni, na karatasi iliyochorwa watu wadogo wa vijiti: mmoja ananyanyua mguu, mmoja anashuka ameegemeza mgongo ukutani, mmoja anasujudu. Chini aliandika idadi ya kila zoezi. Hakuandika salamu wala samahani, na pole hakuandika. Nilisonya. Nikamwambia kondakta amrudishie. Akasema yeye si posta, akaondoka.

Nilianza kesho yake, kwa hasira. Nilitaka kupona ili nimwonyeshe kwamba sikumhitaji. Nilifunga mchanga asubuhi na jioni, nikashuka ukutani mpaka udongo wa nyumba ukabanduka na mke wangu akapandwa na jazba. Wale wa bima waliandika sifai. Mimi nikasema mtaona. Kila niliposhuka nilikuwa nagombana na mtu: na yule bwana wa suti, na nyapara, na yeye wa Kilole. Msimu wa mvua ukafika, nikaingia shambani kwetu na jembe kama wengine.

Siku hiyo nilikuwa nang'oa magugu kwenye mahindi, mawazo yangu kwingine kabisa, nasikia mke wangu anapiga kelele kutoka upande wa pili.

"Baba! Umechuchumaa!"

Nikatazama chini. Ni kweli. Visigino viko ardhini, magoti yote mawili yamekunjika, nimekaa nayo kama mtu yeyote. Sikujua nilishuka lini. Nilibaki pale nalia, sioni haya kusema, na mke wangu akaja akachuchumaa mbele yangu tukalia wawili. Kuinuka ilikuwa habari nyingine. Ilibidi nishike jembe, na kwa miaka kadhaa nilikuwa lazima nishike kitu.

Miaka ikapita. Mashamba ya mkonge yakataifishwa, bima ikawa ya umma, na sisi wa huku tukahamishiwa vijiji vya ujamaa. Nilihamisha nyumba yangu kwa mikono yangu, nguzo kwa nguzo, mimi niliyeandikwa hafai. Katika shamba la kijiji walinipa kusimamia upanzi, kwa kuwa nilikuwa wa mwisho kuchoka. Mwaka wa pili wakanituma Korogwe kufuata majembe na mbegu. Nilipomaliza, basi la kurudi lilikuwa halijajaa. Nilikaa ndani yake nikabishana na nafsi yangu, nikashuka, nikaenda Kilole kwa miguu.

Alikuwa amezeeka. Alikaa barazani kwenye kigoda, na miwani amevaa. Macho yalikuwa yamemshinda hatimaye. Watu sita au saba walikuwa kwenye benchi wanangoja, kila mmoja na karatasi mkononi, za rangi ya kijani siku hizi. Alikuwa akisoma ya mzee mmoja, mpaka maandishi ya chini.

"Wameweka neno la tatu?" nikauliza kwa mbali.

"Thubutu!" akasema, hata kabla hajainua uso. Kisha akainua, akaniangalia. Sijui kama alinijua usoni. Macho yake yalishuka moja kwa moja kwenye mguu wa kulia, yakakaa hapo.

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilitaka kuomba radhi kwa siku ile, nimshukuru na kwa mfuko wa mchanga. Yote yakanitoka. Nikasogea mbele yake, nikachuchumaa kama mtu anavyomwamkia mzazi wake, visigino chini, mikono juu ya magoti.

"Shikamoo, mama."

Hakujibu.

Watu wa kwenye benchi wakageuka. Shikamoo isiyojibiwa si jambo dogo. Nikajua ana kinyongo, na haki anayo. Nikarudia, kwa sauti ya chini zaidi.

"Shikamoo, mama."

"Inuka kwanza," akasema.

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye nguzo ya baraza, mazoea ya miaka. Akaupiga kofi jepesi.

"Bila mkono."

Nikaurudisha mkono. Nikavuta pumzi. Nikainuka, polepole, goti likalia, mguu ukatetemeka, hakuna nilichoshika, hakuna aliyenishika, mpaka nikasimama wima mbele yake na benchi zima likinitazama.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Haya, nipe habari za Kwamsisi."